Tone la supagluu juu ya cherehani ya bibi: wekeni asetoni chini



Leo tuna neno na kila mwenye cherehani ya zamani ndani, ile Singer nyeusi yenye nakshi za dhahabu, ya mkono au ya miguu. Likidondoka tone la supagluu juu yake na likakauka, kila utakayemuuliza atakupa jibu lile lile: paka asetoni, au ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, litatoka. Kweli, litatoka. Ila rangi nayo itatoka, na nakshi pamoja nayo. Sisi tunasema wazi kwamba ushauri huo ni mbaya. Bora doa libaki.

Weusi ule si rangi ya kopo, ya kupakia mlango. Ni vanishi ya lami iliyopakwa na kuchomwa katika tanuri la kiwanda. Juu yake zikabandikwa zile nakshi, nyengine hata zina lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba, kisha zikafunikwa kwa kinga nyembamba ing'aayo, mara nyingi shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa huko India. Shelaki huyeyuka kwa spiriti, na asetoni nayo huiharibu. Tazameni cherehani iliyotumika miaka mingi: pale mkono wa mshonaji ulipokuwa ukipita, dhahabu imeshafutika. Ikiwa mkono na kitambaa peke yake vimeweza kuimaliza, thina itafanya nini?

Wapo wanaotujibu kuwa cherehani ni ya kushonea, si ya kutazamwa, basi rangi ina faida gani. Jamani, sisi tunakaa kisiwani. Hewa yetu ina chumvi, na chuma kikivuliwa nguo yake kutu huanza kula mapema. Kwa mwanamke anayeshona sare za madrasa na mabuibui ya majirani apate ada za watoto, mashine hiyo ndiyo duka lake. Wengine wanasema ipigwe spre nyeusi, itakuwa kama mpya. Hapo tunanyamaza tu, maana aliyekwisha kupiga spre juu ya nakshi za bibi yake hazioni tena.

Sasa kazi yenyewe. Supagluu ikikauka huwa plastiki ngumu lakini kavu, yenye kuvunjika. Haipindi. Udhaifu huo ndio tunaoutumia. Chukua mafuta ya cherehani, yale meupe mepesi unayotia kila wiki (au unayopaswa kutia!), dondosha kidogo kuzunguka ukingo wa doa, uyaache usiku kucha. Mafuta hayayeyushi gundi, tusidanganyane. Yanachofanya ni kujipenyeza pale ukingo ulipoachia na kulinda rangi isikwaruzike unapofanya kazi. Asubuhi, chukua kijiti cha kuchokolea meno au kona ya kadi ya plastiki, sukuma kwa ubavu, usichimbe kwenda chini. Kikiruka kipande kama punje ya mchele, alhamdulillahi, acha. Tia mafuta tena, rudi kesho. Kisu, wembe, msasa na lile brashi la waya la kusugulia sufuria visikaribie kabisa.

Huenda ikachukua siku tano, huenda kumi. Ukifika mahali pamebaki utando mwembamba usioachia, na unaona ukisukuma zaidi weusi unaanza kupauka, simama hapo hapo. Futa kwa kitambaa laini, shona nguo zako. Utando huo hauumizi mtu.

Msidanganywe pia na ushauri wa kuweka kitambaa cha maji ya moto juu ya doa. Kwa vyombo vya siku hizi vyenye rangi ngumu unaweza kusaidia, kwani supagluu hulegea kwa maji na joto la muda mrefu. Lakini shelaki ikikaa na maji huweka ukungu mweupe, na joto huilainisha. Hata zile chupa zinazouzwa maalumu kwa kuondolea supagluu, someni maandishi yake: nyingi ni asetoni hiyo hiyo kwa jina jengine. Kibati cha pembeni kisicho na rangi, kile cha kung'aa, hicho fungua skrubu zake ukisafishe mbali kwa asetoni kama unataka. Gundi ikiwa imeingia katika tundu la mafuta, mwite fundi.

Na kama tone bado ni bichi, usilifute kwa pamba wala kwa ncha ya khanga. Supagluu ikikutana na pamba hukauka ghafla na kutoa joto la kuweza kuunguza ngozi, na doa utakuwa umelitandaza.

Vidole ni jambo jengine. Hapo asetoni inaruhusiwa, ngozi haina nakshi, ilimradi hapana jeraha. Wengi wetu tumewahi kusimama bombani na ganda la gundi kwenye kidole tukijiuliza juu ya udhu, maana ganda hilo linazuia maji yasifike kwenye ngozi. Lilainishe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, libandue pole pole, kisha chukua udhu wako. Likikataa kutoka mpaka uvue ngozi, muulize shekhe wako, usijichune.

Kinachotuudhi zaidi ni jinsi tone lenyewe linavyofika pale. Meza ya cherehani ina urefu mzuri na ipo karibu na dirisha, basi nyumba nzima huigeuza karakana: kaka anagundisha simu, baba anagundisha mpini wa kisu, mtoto kandambili yake. Halafu anayeambiwa asafishe ni mwenye cherehani. Sisi tunaona mashine hiyo ifunikwe mfuniko wake kila kazi inapokwisha, na kama mfuniko umevunjika, khanga kuukuu iliyokunjwa mara mbili inatosha. Kandambili zigundishwe uani, juu ya gazeti.