Nasaba katika Televisheni na Nasaba katika Sheria

  

Tangu mwaka 2004, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, limekuwa na kipindi kiitwacho Who Do You Think You Are?, na tangu 2012 televisheni ya umma ya Marekani, PBS, inarusha Finding Your Roots, kinachoongozwa na Profesa Henry Louis Gates. Muundo wake ni mmoja. Mwimbaji, mcheza filamu au mwanamichezo hufunguliwa hati za sensa, vyeti vya ndoa, wosia na majibu ya vinasaba, naye huambiwa babu wa babu yake alikuwa nani. Wengi hutokwa na machozi. Vipindi hivi leo hufika kwa simu ya mkononi hadi Bariadi na Maswa, na vijana wetu huvitazama. Ni haki kuuliza vina nini kwa Muislamu.

Tuanze na kisa kinachotugusa kwa karibu, ingawa hakikutoka katika mfululizo huo. Mnamo Julai 2022, BBC ilionyesha filamu juu ya mwanariadha Muislamu Mo Farah, mshindi wa medali nne za dhahabu za Olimpiki, mbili London 2012 na mbili Rio 2016. Humo alieleza kwamba jina lake halisi ni Hussein Abdi Kahin, mzaliwa wa Somaliland. Baba yake aliuawa katika vita yeye akiwa na miaka minne. Alipokuwa na umri wa kama miaka tisa, mwanamke asiyemfahamu alimchukua kutoka Djibouti na kumwingiza Uingereza kwa hati yenye jina la mtoto mwingine, Mohamed Farah, kisha akafanyishwa kazi za nyumbani. Jina ambalo dunia nzima ililishangilia uwanjani lilikuwa la mtu mwingine, na mtu huyo yu hai. Katika filamu hiyo wawili hao walizungumza.

Msomaji wa sira hawezi kukisoma kisa hiki asimkumbuke Zaid bin Haritha (R.A.). Naye alitekwa akiwa mtoto, akauzwa katika soko la Ukadh, akaishia mikononi mwa Bibi Khadija (R.A.), aliyemtunukia Mtume (S.A.W.). Baba yake, Haritha, alimtafuta mpaka akapata habari zake, akaja Makka pamoja na nduguye wakiwa na fidia. Mtume (S.A.W.) hakutaka fidia. Alimwachia Zaid achague, na Zaid akachagua kubaki. Hapo Mtume akamtangaza kuwa mwanawe, na watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Ni jina gani tukufu kuliko hilo? Hata hivyo, iliposhuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab, iliyoamrisha watoto waitwe kwa baba zao, jina hilo liliondolewa, akarudi kuwa Zaid bin Haritha. Ikiwa kuitwa mwana wa Mtume hakukuruhusiwa kufunika jina la baba mzazi, hakuna jina jingine litakaloruhusiwa.

Katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim imepokewa kwamba mwenye kujinasibisha na asiye baba yake, hali ya kuwa anajua, Pepo ni haramu kwake. Makemeo hayo hayamhusu mtoto aliyeibwa. Yanamhusu aliyembadilishia jina, na yanatuhusu sisi tulio wazima tukifanya hivyo kwa hiari.

Na kufanya kwa hiari ndiko kulikojitokeza Marekani. Mwaka 2015, baada ya barua pepe za kampuni ya Sony kuvuja, ilibainika kwamba mwigizaji Ben Affleck aliwaomba waandaaji wa Finding Your Roots wasitaje babu yake aliyemiliki watumwa, na kipindi kikaonyeshwa bila habari hiyo. PBS iliona taratibu zake zimevunjwa, ikaahirisha msimu uliofuata. Mwenyewe alikiri kwamba aliona aibu.

Wako watakaocheka. Tusicheke haraka, kwa kuwa nasi Afrika Mashariki tunaficha, ila tunaficha upande wa pili. Mmarekani yule alimficha bwana wa watumwa, na miji yetu ya pwani imezoea kumficha mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922 tu. Hizo ni zama za babu wa wazee wetu. Lakini ukiuliza katika nyumba nyingi, utasikia kila mtu katoka Shirazi au Hadhramaut, hakuna aliyeletwa kutoka bara akiwa amefungwa shingo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya Waswahili. Ilionekana kwamba kuchanganyika kwa Waafrika na watu wa Asia, hasa Waajemi, kulianza karibu mwaka 1000 Miladia, kwamba wageni wengi walikuwa wanaume, na kwamba kwa wengi wa waliopimwa zaidi ya nusu ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Basi simulizi za Shirazi zina ukweli ndani yake. Walichokosea wasimulizi ni kumsahau bibi.

Ama yule ambaye nasaba yake imepotea kabisa, televisheni haina la kumpa. Gates mwenyewe mara nyingi hukwama mwaka 1870, kwa sababu sensa za Marekani kabla ya hapo hazikuwaandika watumwa kwa majina. Aya ileile ya Suratul Ahzab haikukwama. Iliendelea kusema kwamba wasiojulikana baba zao ni ndugu zetu katika dini. Salim, huria wa Abu Hudhaifa, alikuwa mmoja wao, naye ndiye aliyekuwa akiwasalisha Muhajirina pale Quba kabla ya Mtume (S.A.W.) kuwasili, kwa kuwa aliwazidi kwa kuhifadhi Qur'ani.

Sasa tugeukie Binza na mkoa wetu wa Simiyu. Vijana wa Kisukuma wanaingia katika Uislamu, Alhamdulillahi. Lakini wapo wanaoshauriwa waache jina la baba pamoja na lao. Kijana aliyekuwa mwana wa Makoye anajiandika Ramadhani Abdallah, na huyo Abdallah hayupo duniani. Hili halina msingi. Ikrima (R.A.) alisilimu akabaki mwana wa Abu Jahl, adui mkubwa wa dini, na Umar (R.A.) alibaki bin al-Khattab. Kijana na awe Ramadhani Makoye. Tena majina haya ni hazina: Makoye ni shida, na Mabula ni mvua. Aliyempa mtoto jina hilo alikuwa akiandika historia ya mwaka ule.

Jambo la pili ni ng'ombe. Kwa mila ya Kisukuma, ng'ombe za mahari ndizo zilizompa mume watoto, na zisipolipwa watoto walihesabiwa wa ukoo wa mama yao. Tunasikia hoja hiyo hata penye ndoa iliyofungwa msikitini: mahari haijakamilika, kwa hiyo mtoto aandikwe kwa babu mzaa mama. Katika sheria, mahari ni haki ya mke, na ikicheleweshwa ni deni shingoni mwa mume. Deni hilo halikai juu ya jina la mtoto. Aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mume, anamrithi, na watoto wengine wa baba huyo ni ndugu zake asioweza kuwaoa. Ukificha jina, umefungua mlango wa ndugu kuoana. Ama aliyezaliwa nje ya ndoa, jumhuri ya wanazuoni humnasibisha na mama yake, wala yeye hana dhambi yoyote.

La tatu sote tunalijua: mtoto akifeli darasa la saba, hurudishwa shuleni kwa jina la mtoto aliyeacha masomo. Mzazi huona ameokoa elimu ya mwanawe. Miaka ishirini baadaye cheti kina baba mmoja na kitambulisho cha taifa kina mwingine, na siku ya mirathi haijulikani huyu ni nani.

Vipi kuhusu kipimo? Neno vinasaba lenyewe limezaliwa na nasaba. Nchini kwetu kipimo kinasimamiwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, kupitia Mkemia Mkuu wa Serikali. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliamua mwaka 2002 kwamba kipimo hicho hakitumiki kukanusha nasaba iliyokwisha kuthibiti, wala hakitangulii mbele ya kiapo cha li'ani. Mwaka 2016 msanii LL Cool J aliambiwa mbele ya kamera kwamba mama yake alikuwa mtoto wa kulea. Sisi hatuoni kwamba habari ya namna hiyo ina mahali pake mbele ya watazamaji.

Mtume (S.A.W.) alihimiza, katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, tujifunze nasaba kwa kadiri ya kutuwezesha kuunga udugu. Tofauti yetu na televisheni iko hapo. Kule hutafutwa marehemu wa miaka mia mbili. Familia itakayoketi leo baada ya Swala ya Ijumaa na daftari, bibi akitaja na mjukuu akiandika, ianze na shangazi aliye hai kule Maswa, na mbele ya jina lake iandikwe namba ya simu yake.