Mnara wa Chumbe si Pambo

Zipo sauti miongoni mwetu zisemazo kwamba minara ya taa imekwisha kazi yake. Nahodha wa siku hizi, wasema, ana mtambo mbele yake wa kumwonyesha njia. Basi mnara wa Chumbe na ubakie wa wageni kupanda na kutazama bahari. Sisi hatukubali.

Mnara ule wa mawe ulijengwa mwaka 1904, kiasi cha kilomita 12 kusini ya mji wa Unguja, penye njia ya vyombo viendavyo Dar es Salaam na virudivyo. Mwaka 1926 taa yake ilifanywa ya gesi. Ngazi zake ni 132, na anayedhani kwamba kazi ya mlinzi wa taa ilikuwa ya kukaa kitako, na azipande. Nyumba ya mlinzi iligeuka gofu. Hata kisiwa kilipofanywa hifadhi, mwaka 1994, ikatengenezwa kuwa mahali pa kupokelea wageni, na waliokuwa wavuvi wakafanywa walinzi. Hayo twayasifu.

Lakini mnara haukujengwa kwa ajili ya wageni. Mvuvi wa Fumba arudiye usiku kwa mashua hana mtambo huo, na mwenye nao betri humwishia. Karafuu zetu nazo haziendi ng'ambo kwa miguu, wala mchele tulao hauji kwa gari.

Huko Ujerumani, mto Elbe uingiapo baharini, watu wa Cuxhaven wamekuwa na mnara wa mbao tangu 1703, uitwao Kugelbake. Mbao huoza na dhoruba huvunja. Wao wameujenga tena na tena, na wameutia katika nembo ya mji wao. Ikiwa mbao zimetunzwa hivyo, mawe yetu yana udhuru gani?

Ndugu zetu wa Pemba wanao wao Ras Kigomasha, nao ni wa chuma, na chumvi ya bahari haikionei chuma huruma. Twaomba kila tawi lizungumze jambo hili: ni nani atazamaye kutu, nani apakaye rangi, na fungu la kazi hiyo latoka wapi. Majibu yamfikie Katibu kabla ya msimu wa kuchuma, maana karafuu zikishaiva hakuna atakayekaa mkutanoni.