Ametoka rehab. Sasa analala wapi?

Kuna swali ambalo wanasiasa wetu hawaulizi kwa sababu halitoi picha nzuri: msee akimaliza miezi mitatu rehab, usiku wa kwanza analala wapi?

Huku Kericho na Bomet anarudi palepale alipotolewa. Kama ni mchuma chai kwenye mashamba makubwa, anarudi kambini, nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na mlango wa tatu kuna mama anauza chang'aa. (Huyo mama naye analipa karo na hiyo chang'aa, kwa hivyo tusimfanye shetani.) Kama ni kijana wa mkulima pande za Kapkatet au Mogogosiek, anarudi bomani bila kazi. Bonasi ya chai ikiingia, mabeshte wanataka kumnunulia moja tu ya kumkaribisha nyumbani. Hiyo moja tu imezika watu.

Akirudia, tunasema hana nidhamu. Na pesa ya rehab, ambayo familia nyingine huuza ng'ombe kuipata, imeenda.

Utafiti wa NACADA wa 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65 ana uraibu wa pombe. Jibu la serikali tunalijua: msako. Uhuru alifanya 2015, na baada yake tumeona misako mingine. Mapipa yanamwagwa, kamera zinawaka, wiki ijayo biashara inaendelea.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya haya mambo, lakini kuna kitu kilichojaribiwa na kikapimwa. Mwaka wa 1975, huko Silver Spring, Maryland, Marekani, wanaume waliokuwa wakijikwamua kutoka kwa pombe waliambiwa nyumba waliyowekwa inafungwa kwa kukosa pesa. Wakaamua kuikodi wenyewe. Ndiyo ikawa Oxford House. Hakuna meneja. Wakaaji wanagawana kodi, wanachagua viongozi kwa kura, na anayekunywa anatoka. Ni kali, najua, lakini wanaoamua ni wenzake waliopitia hiyo njia, si askari.

Watafiti wa chuo kikuu cha DePaul, Chicago, waliwafuata watu 150 kwa miaka miwili, nusu yao wakikaa nyumba hizo na nusu wakipata huduma za kawaida. Matokeo yalitoka 2006: waliokuwa wakitumia pombe au dawa walikuwa takriban 31 kwa kila 100 kwa walioishi Oxford House, na takriban 65 kwa wale wengine. Tofauti ilikuwa makao na watu wa kuishi nao.

Na usiseme ni mambo ya wazungu. Zanzibar wanaziita soba hausi na wamekuwa nazo kwa miaka mingi, zikiendeshwa na watu waliowahi kutumia heroini wenyewe. Isitoshe, kugawana kodi, kupiga kura na kumfukuza anayevunja sheria ni chama tu. Sisi na vyama tumezaliwa navyo!

Soba hausi si hospitali, lakini. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kushikwa na kifafa, hata kufa. Huyo aanzie kwa daktari.

Baada ya hapo, watu wanne au watano wanahitaji nyumba moja Litein au mjini Kericho, mbali kidogo na kambi, na mtu wa kuwalipia deposit na kodi ya miezi mitatu hadi wapate vibarua. Kaunti zinaweza. Kampuni za chai pia zinaweza: kama mashine za kuchuna zinapunguza wachumaji, nyumba zitakazobaki wazi zitafanya nini?

Na nyumba ya pili iwe ya wanawake, si ya kumi. Wanaokunywa wapo, ila wao hufichwa nyumbani hadi siku ya matanga.