Rangi ya Waridi Haitoshi

Mwanafunzi akionyeshwa jiwe lenye utando wa rangi ya waridi, hujibu upesi: kobalti. Huenda akawa amepatia, ingawa manganizi nayo huipa miamba rangi kama hiyo. Lakini hata akipatia, hajalitaja dini lenyewe, na sisi walimu tumezoea kumpa alama zote.

Tutazame bieberiti, ambayo ni salfeti ya kobalti yenye molekuli saba za maji. Jina lake latokana na Bieber, katika jimbo la Hesse, Ujerumani, nalo lilitolewa na Haidinger mwaka 1845. Dini hili huzaliwa pale salfidi zenye kobalti zinapokutana na hewa na unyevu, hasa katika kuta za migodi ya zamani. Ni laini: ugumu wake ni kama 2 katika kipimo cha Mohs, kwa hiyo kucha hulikwaruza. Lakini eritriti, ambayo ni arsenati ya kobalti, nayo ni laini na ina rangi ya waridi. Sferokobaltiti ya Katanga, ambayo ni kaboneti, ina rangi hiyo hiyo, ila kucha haiiwezi.

Kinachoyatenganisha ni maji. Chembe ndogo ya bieberiti ikitiwa katika neli ya maji safi huyeyuka, na maji yakawa ya waridi. Eritriti hubaki chini kama ilivyokuwa. Kisha yatiwe maji hayo asidi haidrokloriki kidogo na bariamu kloridi: mashapo meupe yatathibitisha salfeti. Kobalti yenyewe hujulikana kwa shanga ya boraksi, ambayo hugeuka buluu motoni.

Wapo wanaosema kwamba chumvi iyeyukayo hutambulikana kwa ulimi, na vitabu vingi vya madini huandika ladha ya kila chumvi. Mimi napinga kabisa desturi hiyo isiingie darasani. Huko Quebec, Kanada, mwaka 1965 na 1966, salfeti ya kobalti ilitiwa katika bia ili povu lidumu. Wanywaji wakubwa wakapatwa na ugonjwa wa moyo, na wapatao 20 wakafa. Eritriti nayo, ambayo mwanafunzi aweza kuidhania kuwa ndiyo bieberiti, ina aseniki.

Jambo la mwisho lahusu kabati la maabara. Bieberiti ikiachwa katika hewa kavu hupoteza maji yake, hufifia na kuwa unga. Ikibakiwa na molekuli sita huitwa moorhouseiti, na ikibakiwa na nne, aplowiti. Hayo yote huyeyuka majini, na majaribio yetu ya shule hayawezi kuyatenganisha. Kazi hiyo yahitaji eksirei. Basi kielelezo kiwekwe katika chupa yenye kizibo kinachobana, na juu yake iandikwe tarehe kilipookotwa, kwa maana jina lililokuwa sahihi siku hiyo huenda lisiwe sahihi baada ya kiangazi kimoja.