Duara kwenye Sahani Si Dawa

Nimechoka kusoma tasnifu zinazoishia kwenye sahani ya maabara. Mwanafunzi anachuma gome, anakamua dondoo, anaidondosha penye bakteria, anapima kwa rula duara lisiloota kitu, kisha anahitimisha kwamba mmea “una uwezo wa kuwa dawa”. Hata jiki ya kufulia huchora duara hilo!

Berberini, kemikali ya njano ya mimea ya Berberis, ikiwa peke yake hutemwa nje na pampu za bakteria Staphylococcus aureus. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mimea hiyohiyo hutengeneza kiambata kingine kinachozuia pampu hizo. Rula haioni jambo kama hilo.

Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974. Sheria tunayo tangu 2002. Serikali itenge basi fedha za kazi ngumu: kutenganisha viambata, kupima sumu, kutafuta dozi, kujaribu kwa wagonjwa. Nasi wahadhiri tusijifiche nyuma ya bajeti. Tunapandishwa vyeo kwa idadi ya makala, na duara ndilo makala rahisi kuliko zote. Muhula huu sitasaini pendekezo la utafiti lisilo na kipimo cha sumu.