Mbaazi za Hanang na mlango wa India: soko huria ni huria kwa nani?

Wadau, leo tuongee mbaazi. Najua vijana wengi wakisikia neno kilimo wanafunga ukurasa, ila subirini kidogo. Ada za wengi wetu huku Mbulu na Hanang zimetoka kwenye gunia.

Mbaazi tunaipanda pamoja na mahindi. Mahindi yakishavunwa, yenyewe inabaki shambani mpaka Agosti hivi. Mahindi tunakula, mbaazi tunauza, na karibu zote zinaishia India. Kule Mumbai wafanyabiashara wanaziita "Arusha". Wanazitaka kwa sababu zinafika kabla ya mavuno yao ya Desemba na Januari.

India ilifungua uchumi wake mwaka 1991, Manmohan Singh akiwa waziri wa fedha. Ushuru ukapungua, wawekezaji wakaingia, nchi ikakua kwa kasi. Tukaambiwa: mnaona, soko huria hilo! Lakini kwenye chakula, India haikuachia funguo hata siku moja.

Mvua zao zilipokuwa mbaya 2014 na 2015, mbaazi ikaadimika, mlango ukawa wazi. Huku kwetu kilo ikapita shilingi 2,000. Nani asingepanda? Tukapanda wote. Kumbe na wakulima wa India nao walipanda, mvua ikawakubali, wakavuna mpaka ghala zikajaa. Agosti 2017 serikali yao ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Bei huku ikaanguka mpaka shilingi mia chache kwa kilo. Wengine waliona heri ziozee shambani kuliko kulipa vibarua.

Msumbiji walipona kiasi, maana Julai 2016 walisaini makubaliano na India ya kununuliwa tani kadhaa kila mwaka. Modi alifika na Dar es Salaam ziara hiyo hiyo, ila sisi hatukutoka na kitu kama hicho.

Lakini jamani, tusimlaumu Mhindi peke yake. Juni 2017, miezi miwili kabla, serikali yetu wenyewe ilizuia mahindi kuuzwa nje. Piga picha: shamba moja, mazao mawili, milango miwili imefungwa msimu mmoja. Mmoja umefungwa Delhi, mwingine umefungwa kwetu. Na sisi tulishaambiwa tangu 1986, enzi za Mzee Mwinyi, kwamba biashara sasa ni huria!

Mimi nasema India haikukosea. Ililinda wakulima wake, wana kura. Kosa ni letu kutegemea mnunuzi mmoja kwa zao ambalo wenyewe hatuli.

Mei 2021 India ilifungua tena. Siku hizi mbaazi zinapelekwa kwenye stakabadhi ghalani na minada ya TMX. Mnada unaweza kumbana dalali na lumbesa yake, hilo naliunga mkono. Ila mnada hauwezi kumlazimisha India anunue. Dawa ni makubaliano ya tani yaliyoandikwa, viwanda vya kukoboa hapa hapa Manyara, na mbaazi kwenye sahani za shule zetu.

Kuna kijana sasa hivi yuko Katesh anahesabu heka za kukodi. Mtamwambia apande au aache? Mnasemaje wadau?

Naomba kuwasilisha.