Kuridhika Kuanzie Viti vya Mbele

Tangu tuchapishe makala iliyodai kwamba mahubiri ya kuridhika ni dawa ya usingizi kwa maskini, barua hazijakoma. Wapo waliotuandikia kwa uchungu kwamba jarida limeacha imani na kuingia siasa. Wapo waliotupongeza kana kwamba Biblia yenyewe tumeifungia kabatini. Toleo hili tumelitenga kwa mjadala huo, na sitajifanya mwamuzi asiye na upande. Naamini kwamba mtu aliye ndani ya Kristo anaweza kuyatazama maisha yake, yakiwa na upungufu wake wote, akayapenda. Nimewaona watu wa namna hiyo na nimewatamani. Ila naamini pia kwamba fundisho hili tumelipeleka kwenye anwani isiyo yake.

Hebu turudi kwenye Luka 3. Yohana Mbatizaji anahubiri kando ya Yordani, na watu wanamwuliza wafanye nini. Watoza ushuru anawakataza kudai zaidi ya kiwango kilichowekwa. Askari anawaambia waache kuwatoza watu fedha kwa nguvu na kwa kuwasingizia, na mshahara wao uwatoshe. Agizo la kutosheka halikutolewa kwa mjane wala kwa kibarua. Lilitolewa kwa mwenye silaha mkononi. Paulo naye, katika 1 Timotheo 6, anazungumzia utauwa wenye kuridhika mara tu baada ya kuwakemea walioifanya dini kuwa mtaji. Na asiyeridhika kuliko wote katika Agano la Kale ni mfalme: Ahabu wa Samaria, aliyegeuza uso wake na kukataa chakula kwa sababu jirani yake Nabothi hakumwuzia shamba la mizabibu. Nabothi alikuwa ameridhika na urithi wa baba zake. Akapigwa mawe hadi kufa.

Sasa njoo sokoni kwetu alfajiri. Mama ametandaza mchicha na matembele juu ya gunia, anavinyunyizia maji kwa kopo lililotobolewa kitako. Mtoza ushuru anapita, anapokea noti, anachana risiti yenye kiasi pungufu, na tofauti inaingia mfukoni. Mama ameiona. Ananyamaza, kwa kuwa kesho atahitaji pa kutandika gunia lake. Jumapili wote wawili wamo katika ibada moja, na somo la siku ni kuridhika. Mhubiri anamtazama nani? Katika ibada nyingi nilizokaa, macho huenda kwenye mabenchi ya nyuma. Mama anaambiwa asinung'unike, ahesabu baraka zake. Yule ambaye Mbatizaji angemwita kwa cheo chake anatoka mlangoni akipeana mikono na wazee wa kanisa, na neno lake hajalisikia. Hili linaniudhi kuliko upotofu wowote tunaoulalamikia kwenye mikutano ya hadhara.

Ndiyo maana sikubali tunapowatupia lawama zote wahubiri wa injili ya mafanikio. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Baadhi yetu tulisema haraka mno kwamba ni tamaa. Mgonjwa aliyezunguka hospitali bila kupona, na kijana aliyekosa kazi miaka nenda rudi, hawana tamaa, wana shida. Sisi wa makanisa ya kale tuliwapa wasia wa kuvumilia, kisha tukashangaa walipomfuata aliyewapa ahadi.

Wapinzani wangu watanikumbusha Wafilipi 4, na mimi nawaomba waisome yote. Ule mstari wa 13 unaobandikwa kwenye vioo vya daladala umekatwa kutoka barua ya mfungwa. Paulo anasema amejifunza kuishi katika njaa na katika shibe. Shule ya njaa tunaifundisha kila wiki. Ya shibe nani anaifundisha? Tena mstari unaofuata anawasifu Wafilipi kwa kushiriki dhiki yake, na baadaye anataja vitu walivyompelekea kwa mkono wa Epafrodito. Wafilipi hawakumwandikia aridhike na minyororo. Walichanga, wakamtuma mtu wao safari ndefu, naye akaugua karibu ya kufa. Paulo aliridhika, na kanisa halikuridhika kumwona akipungukiwa. Hayo mawili yakitenganishwa, linalobaki si fundisho la Paulo.

Nchi hii iliwahi kujaribu kuwataka wakubwa watosheke. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba ya kupangisha au hisa katika kampuni. Miiko hiyo ililegezwa na Azimio la Zanzibar mwaka 1991. Sheria haiwezi kumpa mtu furaha moyoni, lakini wale walioiandika walijua waanze na nani. Kanisa linalijua hilo kwa historia yake pia. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipofika kwetu, waliookoka walirudisha walivyoiba, hadharani, kwa majina. Wazee wetu waliupima wokovu wa mtu kwa vitu vilivyorudi kwa wenyewe.

Kati ya makala za toleo hili, niliyoisoma mara nyingi zaidi ni ya muuguzi mstaafu. Anaeleza zamu zake za usiku katika wodi ya wazazi, bahasha alizozirudisha kwa ndugu wa wagonjwa, na nyumba yake ya vyumba viwili ambayo wenzake huitazama kwa huruma. Anasema analala usingizi mzuri. Huyo amefuzu, na anayetaka kujua kuridhika katika Kristo kunafananaje aanze na ukurasa wake. Mwalimu wa theolojia anafafanua vizuri sala ya Aguri katika Mithali 30, ingawa anakwepa kusema nani ana zaidi ya fungu lake. Vijana wawili wanaandika kuhusu wivu unaozaliwa kwenye simu. Mchungaji wa kijijini ametuletea tafakari fupi juu ya mavuno. Mchumi anayedai kuridhika huua bidii tumempa nafasi, lakini hajakutana na Paulo mshona mahema.

Jarida hili limekuwa likidai miiko ya watumishi, na sitaacha kudai. Kila usharika utangaze mbele ya waumini mshahara wa mchungaji wake, posho za wazee, na sadaka za shukrani zinazoingia mikononi mwa mtu mmoja. Mtumishi asipokee shukrani ya mtu anayejua kwamba amewadhulumu wengine. Mchungaji usomaye neno hili, utakapohubiri tena kuridhika, taja kazi za walio viti vya mbele kama Yohana alivyozitaja, ukianza na yako. Kisha utuandikie yaliyotokea. Nafasi katika toleo lijalo ipo.